Babu Aliyemwangulia Mreno Madafu

Ndugu zangu, kabla usingizi haujawachukua, nisikilizeni. Palikuwa na mwalimu mmoja wa historia, mkali kweli kweli darasani. Siku ya kupokea wakwe waliokuwa wakija kumposa binti yake, alikwenda kunyolewa ndevu. Kinyozi akampaka povu, akanoa wembe, akaanza soga: "Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, babu yangu ndiye aliyemwangulia madafu."

Mwalimu akacheka. "Babu yupi, huyu tuliyemzika mwaka juzi? Yule Mreno alifika mwaka 1498!"

Wembe ukasimama, pale pale kwenye koromeo.

"Unamwita marehemu babu yangu mwongo?"

Mwalimu alihisi ubaridi wa chuma. Historia yote ikamtoka kichwani. "Hasha, kaka," alinong'ona. "Hata mimi... habari za madafu hayo nimepata kuzisikia."

Ninyi mngesema nini? Msinicheke, semeni!

Wembe ukaendelea. Shavu moja lilipokwisha, mwalimu alichomoka kitini mpaka mlangoni, akapiga kelele: "Elfu moja mia nne tisini na nane!"

"Sawa," kinyozi akasema. "Na hilo shavu la pili utanyolewa na nani?"

Wakwe walikuwa njiani. Mwalimu akarudi, akaketi. Wembe nao ukarudi kooni.

"Haya, sema tena."

Aliogopa, jamani, aliogopa. Akafumba macho. "Babu yako namheshimu, Mungu amrehemu. Lakini huyo Mreno hakumwona."

 Wembe ukapanda taratibu, ukamaliza shavu la pili na kidevu. Alipofumbua macho, alimkuta kinyozi analengwalengwa na machozi.

"Miaka ishirini nawasimulia watu kwenye kiti hiki. Wote huniambia, 'Kweli kabisa.' Juzi binti yangu aliiandika habari hiyo kwenye mtihani, akachekwa na shule nzima. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Ndugu zangu, kinyozi hajinyoi. Na sisi je? Mara ngapi tumeliona kosa la mwenzetu, tukaitikia "kweli kabisa" ili tutoke salama? Tulidhani tunaokoa shingo zetu, kumbe wembe ulimkata mtoto ambaye hata kitini hakuwapo. Wewe unamjua wa kwako, uliyemwitikia hivyo. Ukitoka hapa leo mwendee, umwambie kwa heshima. Lakini mwambie umeketi naye, usimpigie kelele ukiwa mlangoni.