Matarajio ya Timu ya Nyundo

Fundi baiskeli mmoja, jina lake Melkiori, alikuwa na timu ya mpira ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona ikicheza. Haikuwa na uwanja, wala jezi, wala basi. Ilikaa ndani ya kompyuta ya Bwana Kitwana, mwenye steshenari jirani na karakana ya reli, pamoja na timu nyingine tisa za watu wa mji ule: ya kinyozi, ya mwalimu, ya mama mwenye mgahawa, na kadhalika. Mashine ndiyo iliyowabuni wachezaji wote, ikawapa majina, umri na uwezo. Kila Jumamosi alasiri wenye timu walikusanyika, Kitwana akabonyeza, mashine ikachezesha mechi kwa hesabu zake yenyewe, na mabao yakatokea kwenye kioo. Watu wazima wenye familia zao walishangilia na kununa kwa ajili ya vijana wasio na damu. Msiwacheke. Wako waliokosana na ndugu zao kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mashine ile haikumbembeleza mtu. Msimu ukigeuka, kila mchezaji aliongezewa mwaka mmoja, awe nyota au mpiga benchi. Chipukizi alikomaa, aliyekomaa akaanza kuchoka, aliyechoka akafutika. Kisha wakaletwa vijana wapya, na timu zikawachagua kwa zamu, ile ya mkiani ikitangulia.

Kabla ya Melkiori, timu hiyo, ambayo iliitwa Nyundo, ilikuwa ya kaka yake, Anselmi. Anselmi alikuwa mtu wa vikombe. Akitamani nyota wa mwenzake alimwendea na kumwambia, nipe huyu, nami nakuachia zamu yangu ya kuchagua vijana msimu ujao. Msimu ujao ulipofika, tayari alikuwa amekwisha kuitoa na zamu ya msimu wa baada yake. Hivyo ndivyo Nyundo ilivyobeba kombe, na Anselmi akatembea mjini kifua mbele, akinyweshwa chai ambayo hakuiagiza. Hakuna aliyeuliza kombe lile limegharamiwa na nani. Waliogharamia walikuwa bado hawajazaliwa, na asiyezaliwa hana mdomo wa kulalamika.

Nyota wale wakazeeka wote kwa mpigo. Timu ikaanza kuporomoka. Wakati huohuo mwalimu akahamishwa kikazi, akaiacha timu yake nzuri haina mwenyewe, na Anselmi akaidaka kabla haijagusa chini. Akamkabidhi mdogo wake Nyundo. "Nimekuachia jina kubwa," alimwambia, na alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Melkiori alipoingia ndani ya lile jina kubwa alikuta wazee watupu, na zamu za kuchagua vijana zimekwisha kugawiwa kwa watu.

Akaanza kujenga upya. Wazee aliwaachia yeyote aliyekuwa na kijana wa kumpa, hata kijana dhaifu, hata wa benchi. Zamu zake ziliporudi alichagua vijana tena, akawapanga dhidi ya wanaume waliokamilika, na wakafungwa. Msimu wa kwanza mkiani, msimu wa pili mkiani. Msidhani alikuwa mtu mpole aliyezoea kushindwa. Ilimuuma. Jumamosi nyingine alirudi nyumbani na kumnunia mkewe Skola, ambaye hakuwa amemfunga bao lolote.

Sasa, ligi ile ilikuwa na sheria. Timu ikikaa mkiani misimu mitatu mfululizo inafutwa, na wachezaji wake wanagawanywa kwa timu nyingine, bingwa akichagua kwanza. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, iliwekwa ili mtu asiigeuze timu yake kuwa jalala. Lakini sheria nzuri ikimwangukia mtu anayejenga humvunja sawasawa na inavyomvunja mvivu, na msimu uliokuwa unakuja ndio uliokuwa wa tatu kwa Nyundo.

Walikuwa pia na desturi. Jumamosi moja kabla ya msimu kuanza waliiita siku ya matarajio. Kitwana aliiamuru mashine iucheze msimu mzima kwa majaribio, tena na tena, ili ionekane kila timu inaelekea kumaliza nafasi ya ngapi, na majibu akayabandika ukutani. Kisha kila mwenye timu alisimama kusema anachotarajia. Bingwa alianza akiwa mezani, na wa mkiani alimaliza akiwa amesimama mlangoni, penye mashine ya fotokopi. Neno la mwisho likishasemwa, soko lilifungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kubadilishana mchezaji tena mpaka msimu uishe.

Mwaka ule majibu ya ukutani yalisema Nyundo itakuwa ya mwisho karibu katika kila jaribio. Mama mwenye mgahawa aliyasoma kwa sauti, akamgeukia Melkiori. "Baba, kwenye msiba wa Nyundo sisi tuandae ubani au ubwabwa?" Watu wakaangua kicheko. Melkiori naye akacheka, maana angefanyaje.

Hapo Anselmi akamshika mkono, akamvuta pembeni. Ndani ya Nyundo alikuwemo kiungo wa miaka kumi na saba aliyeitwa Lukasi Mbwilo, bado mbichi, lakini kila aliyejua kuisoma mashine aliona atakakofika. Anselmi alimtaka, kwa sababu alimjua mtu ambaye angempa nyota mkubwa kwa huyo mmoja, na nyota huyo angemletea kombe. "Mdogo wangu, nipe Mbwilo," alisema. "Chukua kipa wangu na mshambuliaji wangu. Umri umewasogea, sikufichi, ila msimu mmoja wanakumalizia bila wasiwasi. Timu inapona leo hii."

Kitwana akajaribu kwenye mashine. Wakiingia wazee wale wawili, Nyundo ilimaliza ya saba katika timu kumi. Hapakuwa na hila. Kaka yake alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana jambo lile lilikuwa gumu, kwa sababu kumkatalia mwongo ni kazi nyepesi.

Melkiori akaenda mlangoni kungoja zamu yake. Akafikiri. Akimtoa Mbwilo, timu inaishi. Msimu utakaofuata wazee watafutika, Nyundo itarudi mkiani, na kaka yake atakuja tena na wazee wengine mkononi, kumwokoa tena, akichukua kijana mwingine. Ataokolewa hivyo kila mwaka mpaka azeeke. Hatakufa, wala hatasimama kwa miguu yake. Hasira ikampanda, na ilikuwa hasira safi. Hakumkasirikia kaka yake tu. Aliikasirikia na ile karatasi ya ukutani, ambayo ilijua nguvu za vijana wake siku ile na kuzungumza kana kwamba imejua na za kesho.

Wengine wote walikwisha kusema. Wakageuka kumtazama, na Anselmi akamwinamishia kichwa taratibu kumhimiza akubali. Melkiori akaweka mkono juu ya mashine ya fotokopi, akasema:

"Msimu huu tutafungwa, na mkifika mwisho mkatufuta, mtufute tumesimama, lakini kijana simtoi hata mmoja."

Hakuna aliyecheka. Soko likafungwa. Anselmi akachukua kofia yake na kuondoka bila kuaga, akiwa amekasirika kweli, kama mtu aliyenyoosha mkono akapigwa kofi.

Msimu ukaanza, na Nyundo ikafungwa kama ilivyoahidi. Ikafungwa nyumbani na ugenini, kama maneno hayo yana maana kwa timu isiyo na nyumba. Kinyozi, ambaye timu yake nayo ilikuwa dhoofu, kila Jumamosi alimwuliza Melkiori kama ubwabwa umeiva. Melkiori alimjibu kwamba kuni bado mbichi, akarudi kutazama kioo. Hakubadili kikosi. Mbwilo alipoteza mipira akamrudisha, akapoteza akamrudisha. Katikati ya msimu walitoka sare. Baadaye wakapata sare nyingine, kisha wakamfunga mama mwenye mgahawa bao moja, na mama yule akasema mashine imeingiliwa na mende. Mashine ilikuwa nzima. Vijana wale hukomaa kwa kucheza, na walikuwa wamechezeshwa wakati ambapo hakuna mtu mwingine ambaye angewachezesha.

Jumamosi ya mwisho Nyundo ilikutana na timu ya kinyozi, na moja kati ya hizo mbili lazima ingebaki mkiani. Mabao yalichelewa. Karibu na mwisho Mbwilo akafunga. Nyundo ikamaliza ya tisa katika kumi.

Ya tisa. Melkiori alichuchumaa pale sakafuni katikati ya vipande vya karatasi, akafunika uso, akalia mbele za watu bila haya. Siku hiyohiyo Anselmi alitwaa kombe, maana nyota aliyemtaka alikuwa amekwisha kumpata kwa kijana wa mtu mwingine kabla soko halijafungwa. Watu wakasema haijapata kutokea bingwa akapewa mkono huku macho ya wote yakimtazama wa tisa.

Kisha msimu ukageuka, na mashine ikamwongezea kila mtu mwaka mmoja.

Asubuhi iliyofuata Anselmi alikuja kwenye kibanda cha baiskeli. Kipa wake alikuwa amefutika, mshambuliaji amefutika, na nyota wake mkubwa amechoka hata hafai benchi. Zamu zake za kuchagua vijana zilikuwa mikononi mwa watu. Akakaa juu ya ndoo, akalitazama gurudumu alilokuwa anakaza mdogo wake. "Mdogo wangu," akasema, "nigawie kijana mmoja tu."

Melkiori hakumtukana wala hakumcheka, kwa kuwa alimpenda. Lakini mikono yake haikuacha spoku.

Basi ninyi mliokwisha kubeba vikombe, mnaowacheka hawa wanaofungwa na vijana wao, niambieni: mwaka ukigeuka, mtamwingiza nani uwanjani?