Kwa Nini Nyumba za Hebroni Zimeupa Mto Mgongo

Sogeeni karibu, na mwenye swali aliweke hadi nimalize. Hadithi hii ikikatizwa katikati huniuma mimi msimuliaji kuliko ninyi wasikilizaji.

Zamani Mto Usiotulia haukupita mahali unapopita leo. Ulishuka kutoka milima ya magharibi, ile isiyovua theluji mwaka mzima, ukakata nyanda walikojilisha nyati wenye manyoya, kisha ukashika njia ya mashariki. Kusini mwake kulikuwa na majabali matupu ambayo hata mbuzi angeyalalamikia. Kaskazini mwake kulikuwa na bonde la udongo mweusi, laini kama unga. Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo, wawindaji wa nyati, ndio walioupa mto jina la Usiotulia. Wapima ardhi wa serikali walipofika waliliandika jina hilo kwenye ramani zao kwa mwandiko mzuri sana, ila sababu ya jina hawakuiuliza. Wenyeji wenyewe walisukumwa mbali kuelekea jangwani, nao hawakuulizwa neno.

Baadaye wakaja watu weusi kutoka nchi za pamba, vita vilivyowatoa utumwani vilipokwisha. Walikuja kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakalipenda lile bonde, wakajenga nyumba zao na kanisa, wakapaita Hebroni. Miongoni mwao alikuwamo mjane aitwaye Kezia, mwanamke mrefu, mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa maneno. Kezia alikuwa amezaliwa mali ya mtu, akakua mali ya mtu, na mumewe akafa akiwa mali ya mtu. Shamba lake la Hebroni lilikuwa kitu cha kwanza duniani alichokiita changu bila kutazama nyuma kama kuna anayesikia. Alilipenda mno. Nyakati nyingine aliacha kupalilia, akashika donge la udongo, akasimama tu nalo mkononi.

Wakati huo nchi ya magharibi ilikuwa inagawanywa. Magavana wawili, wa Kaskazini na wa Kusini, waligombania mpaka hadi wakachoka, kisha wakafanya karamu, wakachinja ng'ombe na kuapa mbele ya watu: mpaka ni mto, na popote mto utakapopita, hapo ndipo mpaka. Wakapeana mikono, kila mmoja akaenda zake akijiona mjanja. Basi Hebroni ikaangukia Kaskazini. Na sheria ya Kaskazini ilisema mtu mweusi hana ruhusa ya kumiliki ardhi, hata upana wa mkeka.

Majani yalipoanza kupukutika akaja afisa wa gavana, Bwana Haskel, juu ya farasi aliyenenepa kuliko ng'ombe wote wa kijiji. Hakushuka. Aliwaambia kwamba theluji ikiyeyuka awakute wameondoka. Wavuke mto waende Kusini, huko hakuna sheria hiyo.

"Kusini ni mawe, bwana," Kezia alimwambia.

"Basi limeni mawe," alijibu, akageuza farasi.

Watu wa kijiji walikutana kanisani. Mchungaji Obadia, mzee mpole ambaye maisha yalimfundisha kutobishana na watu wenye farasi, alisema hakuna jinsi, wafunge mizigo. Watu walilia, na walilia kwa sauti, maana walikuwa wamedhani kulia kwa namna ile kumekwisha.

Kezia akasimama. "Mchungaji, mimi nimeshahamishwa vya kutosha. Safari hii sihami. Acha uhame mto."

Kuna waliocheka, kuna waliosikitika wakidhani uchungu umemgusa akili. Yeye akawaongoza hadi nyuma ya nyumba yake, alikokuwa akichimba shimo la kuhifadhia viazi visigande wakati wa baridi. Akaingia shimoni, akarusha juu jiwe moja, la pili, la tatu. Yalikuwa mawe laini ya mviringo, yaliyosuguliwa na maji miaka na miaka.

"Haya hayakuja kwa miguu," alisema. "Mto ulipita hapa. Nimefuata hili bonde dogo la nyasi kwenda juu na chini, linaizunguka Hebroni yote kwa nyuma. Kinachouzuia kurudi ni ule mgongo wa udongo kule juu, kwenye kona ya mto. Tukiukata, maji yanarudi kwenye mkondo wake wa zamani."

"Na kaburi la binti yangu?" Obadia aliuliza. "Na kanisa?"

"Vitabaki kati, Mchungaji, pakavu. Kitakachozama ni nusu ya shamba langu. Nimeshaliaga."

Obadia alilitazama lile shamba, akavua koti, akauliza sururu iko wapi.

Ndipo ilipoanza kazi ambayo ukiisimulia kwa mvivu anaumwa mgongo. Baridi ilipokuja ardhi iligeuka chuma. Waliwasha mioto juu yake, wakangoja ilainike, wakachimba kiasi cha kina cha mkono, wakawasha tena. Mipini ilivunjika, wakachonga mingine. Wanawake walibeba udongo kwa aproni, vikongwe walipika viazi na kuimba ili wachimbaji wasisinzie. Chini ya kona, ndani ya mkondo wenyewe, walitoboa barafu wakakita magogo makubwa hadi chini ya mto, yasimame kama meno. Mwishoni mwa baridi mfereji ulikuwa tayari, umebakizwa ukuta mwembamba wa udongo kati yake na mto.

Machipuko yakafika. Barafu ilianza kupasuka kwa milio kama ya bunduki, na habari zikaja kwamba Bwana Haskel yuko njiani na watu wake. Kezia na Obadia walibomoa ule ukuta kwa mikono yao. Maji yakaingia mferejini kidogo, membamba, ya kumtosha bata mmoja. Mto wenyewe ukaendelea na njia yake kama kawaida.

Kezia aliteremka hadi ukingoni, akausemesha mto kwa hasira. Aliuambia kwamba wao wamefanya upande wao, wamekesha, wamechubuka, na kwamba mto wenye jina kama lake hauna haki ya kuona aibu leo. Aliogopa, na kwa kuogopa akazidi kusema.

Yale mabamba ya barafu yaliyokuwa yakielea yakafika kwenye magogo. La kwanza likakwama. La pili likapanda juu yake. Yakaja mengine, yakarundikana, yakaziba mkondo mzima kutoka ukingo hadi ukingo, na maji nyuma yake yakapanda yakitafuta pa kutokea. Yakaupata mfereji. Yakautanua kwa pigo moja, yakamnyang'anya Obadia banda lake la kuku, yakafukia shimo la viazi, yakala nusu ya shamba la Kezia, yakapita nyuma ya Hebroni yakinguruma kuelekea mashariki, yasirudi tena hata barafu ilipoyeyuka; mkondo wa mbele ukabaki tope. Kanisa lilitikisika, likabaki. Watu wakakumbatiana wakiwa wamelowa chapachapa, na Mchungaji Obadia, mpole yule, akacheza ngoma kwenye matope.

Bwana Haskel alipofika kutoka kaskazini alikuta maji mapana yakimtazama. Farasi wake aliyanusa, akakataa.

"Mmefanya nini?" alipaza sauti.

"Karibu, bwana," Kezia alijibu kutoka ng'ambo. "Ila hapa ulipotaka kuja ni Kusini. Kamwombe ruhusa mwenye nchi."

Msidhani gavana wa Kusini alikuwa mtu mwema. Hakuwajua watu wa Hebroni wala hakuwa na haja nao. Lakini alikuwa na majabali mengi na bonde hakuwa nalo, na aliposikia kwamba mto umemletea bonde zima la udongo mweusi, alikumbuka kiapo cha karamu neno kwa neno. Akapeleka bendera siku iliyofuata. Gavana wa Kaskazini alifoka, akatukana, ila alikuwa ameapa mbele ya watu akiwa na nyama mdomoni. Kezia akapewa haki ya nusu ya shamba iliyobaki, na hakuna aliyewahi kumnyang'anya.

Na tangu machipuko yale, nyumba za Hebroni zimeupa mto mgongo. Zile za kwanza zilijengwa zikitazama maji, maji yakahamia nyuma, na hakuna aliyekubali kuzigeuza. Hata anayejenga leo huweka mlango upande uleule. Wageni huwaambia wenyeji kwamba wamejenga kinyume. Wenyeji huwakaribisha barazani, wakawaonyesha mahindi yaliyojaa mbele ya nyumba, marefu kupita mtu, katika tope jeusi la mto wa zamani.

"Hapo," huwaambia, "ndipo tulipoamriwa tuvuke tuondoke. Tukapalima."