Kata Nyuma ya Mlango

Asubuhi ile Zena alitundika kata ya maji nyuma ya mlango wa ghala.

"Hapo hata mimi sitaiona," alisema mumewe, Shekuwe.

"Paka wa jirani anailamba. Wewe utauliza ilipo. Paka hawezi."

Shekuwe akaenda kazini. Mchana mji ukawaasi Wareno. Askari mmoja aliyekuwa akikimbia aliingia nyumbani humo, na majirani waliona mgongo wake tu. Alipotoka, Zena alikuwa amekufa.

Mji ulishinda. Mateka wakagawiwa nyumba kwa nyumba, kila mmoja amana ya mwenyeji wake mpaka abadilishwe na mwenzetu aliye mikononi mwa Wareno.

Famau, jirani yao, alikuwa na miguu isiyochoka. Alimwinda askari mmoja mikokoni siku tatu, akamleta mgongoni akiwaka homa. Alimtaka hai, ili amkomboe ndugu yake aliyeshikwa na Wareno.

Shekuwe alikuwa na mkono wa kutuliza homa, hivyo mgonjwa akawekwa kwake. Siku kumi na mbili alimnywesha uji na mwarobaini, bila kumsemesha. Asingefanya hivyo, Famau angekuwa na maiti.

Bi Mize, mama yake Zena, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Siku ya kumi na tatu mateka aliinuka kwa mara ya kwanza. Alitazama mtungi, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa ghala, akatoa kata.

"Mwanangu," alisema Bi Mize, "ulimwonyesha?"

"Sikumwonyesha, mama. Tangu siku ile sijaigusa."

Mateka akawatazama, akaiweka kata chini.

Famau aliitwa. "Mkimchinja huyu," alisema, "mmemchinja na ndugu yangu."

"Ndugu yako anapumua," alisema Bi Mize. "Jicho lililomjua ni langu. Damu yake ni haki yangu."

"Pumzi anayovuta nilimpa mimi," alisema Shekuwe. "Nikiitaka, nachukua changu."

"Ulimpa akiwa amana kwako," alisema Famau.

"Nilimpa kabla sijamjua."

Asubuhi iliyofuata Shekuwe alimpikia mateka uji. Akamnywesha kwa kata ile ile, akamngoja amalize. Kisha akamfungia ndani, akaenda barazani kwa Famau na Bi Mize, akaweka mkekani ufunguo, na kando yake kisu alichokwisha kukinoa.

Nanyi mnaosikiliza, mngempa nani ufunguo ule? Na kisu, mngekiacha palepale?