Mabati ya Chumba cha Nyuma

Mmeliona kapu lile pale mbele. Ni la wenzetu waliopigwa na upepo wa juzi. Tangazo limesomwa, na wengine nimeona mmeshaziandaa bahasha zenu. Kabla halijapita, kaeni vizuri niwasimulie mfano. Na leo sitawabembeleza, maana kila nikiufikiria mfano huu damu inanichemka.

Alikuwako bwana mmoja, mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake, tena mwenyekiti wa kamati ya diakonia, ile kamati inayowatafuta wahitaji na kuwapelekea msaada. Alijenga nyumba nzuri kando ya barabara, akaiezeka kwa mabati ya rangi ya damu ya mzee. Ukishuka kutoka sokoni unaiona kwa mbali. Mabati yaliyobaki akaezekea chumba kidogo huko nyuma, baada ya stoo, na humo akamweka mama yake mzazi, aliyemtoa kijijini mara baada ya baba yake kufariki.

Mtaniuliza, nyumba kubwa vile, kwa nini asimpe mama chumba ndani? Swali zuri. Mwenyewe alikuwa na jibu lake: mama amezoea kukaa peke yake. Na kanisani je, mbona hakuna aliyemwona? Ah, ibada ni ndefu, miguu yake haimruhusu. Mnayajua majibu ya namna hiyo. Huwa yako tayari hata kabla mtu hajauliza.

Basi upepo ukaja, mchana kweupe, ukang'oa mabati ya upande wa sebuleni na kuyatupa kwenye mahindi ya jirani. Mvua ikafuata. Makochi yakalowa, siling bodi ikavimba, zulia likawa la kukamua. Lakini kile chumba cha nyuma hakikupotelewa hata na msumari. Upepo ulimpita yule bibi bila kumgusa. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Bwana akamwita fundi. Fundi akapanda, akatazama, akashuka.

"Mzee, kazi hii ni ndogo. Nunua mabati, jioni tutakuwa tumemaliza."

"Nimetoka dukani sasa hivi," akasema bwana. "Yaliyopo yamekoza, hayafanani na haya yangu. Nikiyaweka, nyumba itakuwa na kiraka, na Jumamosi kamati nzima inakutana hapa."

"Si uagize yanayofanana? Wiki ijayo yatakuwa yamefika."

"Nimesema Jumamosi, fundi." Akanyoosha mkono kule nyuma. "Ng'oa yale."

Fundi akageuka kutazama. "Na anayelala mle?"

"Utamfungia turubai. Ni siku chache tu."

Mnamngojea fundi akatae? Hakukataa. Alipandisha mabega, akabeba ngazi yake, akaenda. Msije mkamsifu naye. Mama alipoona ngazi imeegemezwa kwenye ukuta wake, akatoka kuuliza kulikoni. Mwanawe akamweleza habari za wageni, na rangi, na barabara. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Chukua, baba," akamwambia. "Wageni wako wasije wakalowa."

Akaingia ndani kukunja godoro.

Ndugu zangu, mimi hapo ndipo ninaposhindwa. Huyu bwana hakukosa mabati. Duka lilikuwa nayo. Alikosa rangi! Mama mzazi, aliyembeba mgongoni kwenye mvua za kule kijijini, anavuliwa paa ili wapita njia wasione kiraka. Upepo hauna akili, haujabatizwa, haujawahi kushika kitabu cha nyimbo, na bado ulimwacha bibi wa watu chini ya paa lake. Aliyemwezua ni mwanawe wa kumzaa. Na Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama mbele ya usharika anatusomea majina ya waliopatwa na maafa, kwa sauti nzuri ya huzuni.

Jumamosi ikafika. Kamati ikaja na gari lililopakiwa unga na mablanketi, tayari kuzunguka mitaani kugawa. Nyumba ilikuwa inang'aa, kiraka hakuna. Mke wa bwana alikuwa kwao kwenye msiba, kwa hiyo bwana mwenyewe akamimina chai, akagawa biskuti, akapokea pole na sifa. Kisha akasimama aombe kabla hawajaondoka. Akaomba vizuri, siwafichi. Akawakumbuka wajane. Akawakumbuka wazee wasio na mtu. Akawakumbuka wote ambao usiku huo wangelala wakiitazama mbingu.

Katikati ya maombi mvua ikaanza.

Sasa waliowahi kuezeka wanajua. Bati lililokwisha kugongelewa mahali pengine lina matundu ya misumari ya zamani. Ukilihamisha, matundu yale hayaangukii tena juu ya mbao, yanabaki wazi. Tone likaanguka kwenye sahani ya biskuti. Tone jingine likamwangukia shingoni mama mmoja wa kwaya. Bwana akapandisha sauti, mvua nayo ikapandisha yake. Yule mama akavumilia mpaka amina, kisha akasimama.

"Mzee, beseni liko wapi?"

"Kaa tu, mama, mvua yenyewe ni ya kupita."

Lakini mama wa kwaya alikuwa ameshatokea mlango wa jikoni. Akavuka ua, akapita stoo, akakuta mlango uko wazi. Ndani, turubai limechanika na linapigapiga ukutani. Godoro limekunjwa na kusukumwa kwenye pembe iliyokuwa na nafuu kidogo. Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu, khanga imemgandia mwilini, na beseni amelipakata magotini linajaa maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini kwenye mvua hii?"

"Nilikuwa naomba beseni. Kule ndani kunavuja, sisi wageni tunalowa."

Bibi akayamwaga yale maji mlangoni, akampa beseni. "Wapelekee. Mimi nimeshalowa."

Yule mama hakulipeleka. Aliliweka chini, akarudi mpaka jikoni, akawaita wenzake. Akasema, "Njooni na blanketi na unga. Kabla hatujaanza kuzunguka, hapa hapa uani kuna mpangaji hana paa." Mpangaji. Hakujua, na angejuaje? Wakaja wote chini ya miavuli, na bwana katikati yao. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti, wakampa yeye blanketi amkabidhi. Mmoja akatoa simu apige picha, kwa ajili ya ubao wa matangazo. Ndivyo tunavyofanya, au siyo? Tukitoa lazima tuonekane tunatoa.

Mama wa kwaya akainama kwa yule bibi, akamuuliza kwa upole, "Bibi, kwani wewe huna mtoto hata mmoja wa kukutazama?"

Bibi akatazama juu, mahali palipokuwa na mabati yake. Kisha akamtazama yule aliyeshika blanketi.

"Ninaye mmoja," akasema. "Yuko mbali."

Wapendwa, bwana yule alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. Angeweza kusema hapo hapo, mbele ya watu, "Huyu ni mama yangu." Maneno manne. Yangemwaibisha, ndiyo. Yangemwokoa pia. Midomo ikacheza kidogo, halafu macho yake yakaenda kwenye ile simu, na midomo ikafungika. Akanyoosha mikono yote miwili, akatoa blanketi la kanisa, akampa mama yake kama msaada.

Mama akalipokea. Siku zote alikuwa akimwita baba, kama mama zetu wanavyotuita. Siku ile akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mzee wa kanisa."

Na picha ikapigwa.

Nawaona wengine mnatikisa vichwa, mnamhukumu yule bwana, na mioyoni mnamshukuru Mungu kwamba mfano huu haukutaja jina. Haukutaja kwa sababu majina yako humu humu ndani, kuanzia hapa mimbarini. Sisi, ndugu zangu, tunaipenda sana dhoruba ya mbali. Tukisikia upepo umeezua nyumba za watu wilaya nyingine tunalia machozi, tunaunda kamati, tunakodi gari. Lakini binti anayetupikia analala jikoni, kwenye kona inayovuja, na tumemwambia asogeze mkeka. Mpangaji wetu amelalamikia paa tangu mvua za mwaka jana, na tunamwambia avumilie, huku tunapiga geti rangi mpya. Na wazazi wetu? Wako wapi wazazi wetu? Mara ngapi wametuambia "chukua, baba", na sisi tukachukua kweli, tukageuza mgongo tukasema mama hana neno, ameridhika?

Mnasema ni upepo. Upepo gani! Upepo mnausingizia tu. Bati lililong'olewa na upepo tunaliokota kwenye mahindi ya jirani. Bati tulilomng'olea mtu sisi wenyewe tumeligongelea juu ya makochi yetu, na chini yake tunaketi kuwaombea wasio na paa. Mnadhani maombi hayo yanapita wapi kwenda juu? Kwenye matundu yale ya misumari?

Kwa hiyo nimewaambia wazee walirudishe kapu lile ndani. Leo halitapita. Bahasha zenu ziwekeni mifukoni, Jumapili ijayo Mungu akipenda tutazipokea. Leo kila mmoja wetu, akifika nyumbani, asiingilie mlango wa mbele. Azunguke nyuma ya nyumba yake, asimame, atazame juu. Na ukimkuta mtu amekaa pale amelowa, tafadhali, usimletee blanketi. Mrudishie bati lake.