Hesabu Iliyomtia Kiboko Mtoni

"Hadithi, hadithi!"

"Njoo! Uongo wako uje umeungwa nazi!"

Haya, kaeni. Na asiniulize mtu hesabu, mimi mwenyewe zinanizunguka.

Zamani Kiboko alikaa nchi kavu, ana shamba la mihogo. Mlinzi wake alikuwa Nguchiro, mama wa watoto sita. Alifukuza nyoka, shwaaa! Alifukuza panya, kwiii! Miaka saba. Mwaka huo mihogo ikanenepa, na uroho ukamshika Kiboko.

"Nguchiro, kazi basi. Ondoka leo."

Moyo wa Nguchiro ukalia paa! Watoto sita, na shimo lao limo mle mle shambani. Aende nao wapi?

"Sawa, bosi. Ila sheria ya mwitu waijua. Anayevunja kazi hutoa notisi ya mwezi, na kiinua mgongo, kapu la mihogo kwa kila mwaka."

"Makapu saba? Kha! Haya, maliza mwezi, uchukue, uende."

"Mwezi huo nafanya kazi?"

"Unafanya."

"Basi nao uhesabiwe. Makapu saba na kipande. Na kipande hicho atakichimba nani?"

"Wewe."

"Kuchimba ni kazi?"

"Ni kazi."

"Basi nako kuhesabiwe. Kipande kimeongezeka. Na hicho atakichimba nani?"

"We... wewe."

"Kuchimba ni kazi?"

Kiboko akahesabu vidole vya miguu yote minne, vikaisha. Akaanza upya, vikaisha. Mbona mnanitazama? Hata mimi nimepotea hapo.

"Wee! Kila nikikuondoa unabaki! Shamba sitaki hata kuliona. Naondoka mimi!"

Puu, puu, puu, mpaka mtoni. Chubwi!

Nguchiro akamfuata ukingoni mbio. "Bosi, unaondoka bila notisi?"

"Bila!"

"Basi umevunja kazi wewe, ghafla. Nitakaa shambani mpaka unilipe."

"Ngoja kwanza nihesabu." Akazama. Akaibuka, pffff! "Nilifika wapi vile?" Akazama tena.

Watoto sita wakala mihogo mpaka wakavimbiwa.

Hapo ndipo ngano yangu ilipochoka. Ikiwa tamu, mgawane. Ikiwa chungu, mniachie. Na funzo lake, Kiboko mwenyewe hulisema kila akitoa kichwa majini: mfanyakazi akiambiwa ondoka, aondoke kimya, asimsumbue bosi wake kwa maswali.