Kwa Nini Tunakaa Gizani Kabla ya Kumtazama Panya

Nyie mnaoguna mkiambiwa mkae gizani, sikilizeni. Kuna wakati maabara hii haikumkalisha mtu. Enzi hizo bakteria wa utumboni hawakujulikana waliko mpaka panya auawe, apasuliwe. Leo mmoja, kesho mwingine.

Mpasuaji alikuwa Nyamizi, mjane asiye na mtoto, ambaye kwa miaka kumi na moja alikula chakula cha mchana peke yake. Si kwamba watu walimchukia. Walimsalimia vizuri tu, wakapita. Basi akawa anapiga soga na panya, na panya hao hao akawaua kwa mkono wake. Upweke wa namna hiyo ni mbaya, jamani.

Ndipo Daktari Mwaisaka akaleta bakteria waliopandikizwa jeni za kutoa mwanga. Panya akinyweshwa, wanawaka tumboni mwake. Ukizima taa unawaona kupitia ngozi, na yeye anabaki hai. Nyamizi alifurahi hata akampa panya mmoja jina, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu. Alimwita Mwenzangu.

Siku ya kutazama, yeye na Daktari walitoka kwenye jua kali wakaingia na Mwenzangu chumba kisicho na dirisha, wakazima taa. Nyamizi akakodoa macho. Giza tupu. Hakungoja hata dakika moja, maana alishazoea kukosa.

"Hamna kitu, Daktari," alisema. "Bakteria wamekufa. Nimpasue?"

"Mpasue, mama, tuhakikishe."

Daktari akatoka. Nyamizi akawasha taa, akaifanya kazi upesi ili mnyama asiteseke, akauweka utumbo kwenye kisahani. Kisha akazima taa tena, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka mtu amkute hivyo. Alilia kimya kimya kwa muda mrefu. Macho yalipolizoea giza, akaona kitu mezani. Utumbo ulikuwa unawaka, kijani hafifu, mwanzo hadi mwisho.

Daktari aliporudi alimkuta amekaa vile vile.

"Walikuwemo," Nyamizi alimwambia. "Mimi ndiye sikungoja."

Kuanzia siku ile, hakuna anayeruhusiwa hapa kusema hamna kitu kabla ya kukaa gizani robo saa. Sisi tulikaa robo saa. Nyamizi alikaa saa nzima, kila mara, mpaka alipostaafu.