Mtu Aliyeambiwa Karibu

Mtu mmoja alikuwa na miguu mirefu, na mdomo wake ulikuwa umeitangulia miguu hiyo kwa hatua tatu. Aliitwa Mhina. Kwenye benchi la kahawa pale kijijini kwao, taja safari yoyote, yeye ameshaifanya, tena kwa nusu ya muda wako. Ukisema umetembea saa mbili, anakutazama miguu kwa huruma, kama anayetazama miguu ya kuku mgonjwa.

Basi mama yake, Bi Mboni, akaletewa salamu na mdogo wake, Bi Sikudhani, aliyekuwa akiishi mbele huko, kando ya mto. Salamu zilikuwa fupi: "Macho yangu yanakwisha. Sura ya mtu naiona akinisogelea kabisa, tena jua likiwa kali. Alasiri sioni kitu. Njoo mapema, dada, nikuone kabla hujabaki sauti tu." Ndugu hao walikuwa hawajaonana miaka tisa, tangu mafuriko yalipoibomoa nyumba ya Bi Sikudhani, akaenda kujenga mahali ambapo nyumbani kwa Mhina hakuna aliyepajua.

Bi Mboni hakulia. Alitoa kitambaa chake cha kichwa, kile cha manjano, akakifua, akakianika. Alitaka aonekane nacho.

"Twende wote," akasema Zaituni, mke wa Mhina. "Njia ya mtoni ni tambarare, hata watoto wataiweza."

"Saa tano tumefika, jioni tumerudi," Mhina akajibu, na hapo hapo akatoka kwenda kulitangazia benchi zima: kesho jioni mtanikuta nimekaa hapa, nimeshanawa miguu.

Na kweli njia ile ilikuwa ya watu wote. Haikuwa na mlima hata mmoja wa kumtoa mtu roho. Upande huu mto unakwenda polepole kama mtu aliyeshiba, upande ule mashamba ya miwa na maharage, na kila baada ya mwendo kidogo kuna mawe bapa ya kufulia nguo, ambayo ukiyakalia hutaki kuinuka. Tunu, binti yao wa miaka saba, alitaka kusimama kila penye bata. Bi Mboni alitaka kuchuma mchicha wa mwitu ampelekee mdogo wake. Zaituni, mwenye mtoto mgongoni, alitaka atembee tu bila kuhimizwa na mtu.

Mhina akatangulia. Mwanzo kwa hatua kumi, baadaye kwa kona nzima. Akifika kwenye kona anasimama, mikono kiunoni, anawangoja. Wakimfikia, ndipo anapoondoka. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe, haihitaji daftari: mwenye miguu mirefu alipumzika kwenye kila kona, na waliochoka hawakupumzika hata mara moja. Yeye moyoni alijiona mvumilivu sana.

Tusimsingizie. Alimpenda mama yake. Kila alipolitazama jua, aliona linakula macho ya mama yake mdogo, na kila bata aliyemsimamisha Tunu alimwona ni mwizi mwenye mabawa. Alikuwa na haraka kwa ajili yao. Ndivyo alivyojiambia, na karibu ilikuwa kweli.

Ilipokaribia saa tano akafika kwenye nyumba ya mlango wa samawati, iliyo juu kidogo ya njia, ua wake umefagiliwa hadi unang'aa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele. Mhina hakupanda hadi uani. Hata mwendo hakuupunguza, wala uso wa yule mama hakuutazama. Alipaza sauti akiwa njiani:

"Shikamoo mama! Kwa Bi Sikudhani ni mbali?"

"Marahaba, baba! Karibu! Karibu!"

"Asante!" Na huyo akaenda zake. Yule mama akasema na neno jingine, lakini liliukuta mgongo wake, na mgongo hauna masikio.

Familia ilipofika hapo, baraza lilikuwa tupu. Ungo wa mchele ulikuwa umewekwa chini, na moshi ulikuwa unaanza kufuka nyuma ya nyumba. Bi Mboni akashika mti wa uzio, akavua kiatu, akakung'uta kokoto. "Tuombe maji hapa," akasema. "Nyumba hii imenipendeza."

"Msikae!" Sauti ya Mhina ikaja kutoka kona ya mbele. "Nimeshauliza! Wamesema karibu!"

Bi Mboni akavaa kiatu chake. Wakaenda.

Walitembea saa moja, kisha nyingine. Nyumba zikaisha, miwa ikaisha, mwisho njia yenyewe ikaingia kwenye matete na haikutoka. Hapo walimkuta mkata matete, maji yamemfika magotini. Mhina akamuuliza. Yule mtu akawatazama wote, akaitazama miguu ya Mhina, akacheka hadi panga likamdondoka majini.

"Kwa Bi Sikudhani? Wewe bwana, mmempita zamani! Nyumba ya mlango wa samawati. Sasa ulikuwa unamtafuta yeye au unamkimbia?"

Bi Mboni aliinua uso. Alilitazama jua tu. Lilikuwa limeshaanza kulegea. Na mtu ambaye kijijini kwao hakuwahi kukosa la kusema alikaa juu ya mzigo wa matete kama mtoto aliyekojoa darasani. Kisha akainuka, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa mkewe. Lakini hata wakati wa kurudi, mazoea ni mazoea, mara mbili miguu ilimponyoka ikatangulia, na mara mbili akairudisha.

Walifika alasiri. Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye mkeka alioutandika tangu saa tano. Mbele yake palikuwa na kigoda kimoja, na kikombe kimoja cha chai, baridi, kimefunikwa kwa kisahani.

"Sikudhani," akaita Bi Mboni kutoka uani.

Yule mama akainuka akiwa amenyoosha mikono, si upande wenyewe. Bi Mboni akaenda akasimama pale mikono ilipo. Vidole vikapita kwenye mashavu, vikapanda kwenye paji la uso, vikakuta kitambaa.

"Umevaa kitambaa. Cha rangi gani, dada?"

"Cha manjano."

"Cha manjano," akarudia Bi Sikudhani, na vidole vikabaki hapo hapo.

Mhina alitamani ardhi imfiche. Lakini kwa kuwa mdomo wake ulizoea kutangulia, ukatangulia hata hapo. "Lakini mama mdogo, si nilikuuliza? Wewe mwenyewe ukaniambia karibu! Nikajua ni hapo mbele tu."

Bi Sikudhani akageukia ilipotoka sauti. Hakuwa na hasira. Alisema:

"Mwanangu, mimi naona vivuli, na kivuli kilichopita kilikuwa kimoja. Ungekuwa na watu wako, ningesema karibuni."

Zaituni akamtazama mumewe. Hata Tunu, ambaye akiona bata haoni kingine, na pale walikuwapo wanne, alimgeukia baba yake. Neno lilipungua kwa mkia mdogo tu, na mkia wenyewe walikuwa wao: mama, mke, binti na mtoto wa mgongoni. Mhina alikuwa amewaacha kwenye kona, na neno likaja bila wao. Ukiambiwa karibuni, hata uwe na haraka kiasi gani, huwezi kudhani ni hesabu ya njia.

Walilala huko. Kule kijijini benchi lilimngoja mwenye kunawa miguu halikumwona, na masihara ya jambo hilo yalidumu mwezi mzima. Asubuhi, jua lilipopanda likawa kali, Bi Mboni akafunga kitambaa, akakaa kwenye mkeka, na mdogo wake akamsogelea hadi pua zikakaribia kugusana. Aliona manjano. Aliona jicho la kushoto na kile kikovu cha utotoni kilicho juu yake, akacheka, akakumbusha nani alimsukuma nani. Mengine hayakuonekana, akayamalizia kwa vidole. Hakuna aliyemhimiza.

Siku ya kurudi, Mhina alitembea wa mwisho. Tunu alitangulia kwa mwendo wa bata, Bi Mboni akafuata na fimbo mkononi, Zaituni akafuata mikono mitupu, na mwenye miguu mirefu akaja nyuma, mtoto mgongoni, anajikwaa kwa kutozoea hatua fupi. Kwenye mawe ya kufulia walikaa. Na nyumba zote za kando ya mto, zile zile alizozipita juzi na asizikumbuke hata moja, ziliwaona wanavyokuja, zikawaita kwa neno zima. Kwenye moja wakapewa miwa, kwenye nyingine maji. Walifika kwao jua linazama, na Mhina hakumwambia mtu walitumia saa ngapi.

Sasa wewe unayemcheka, mwenye mwendo wa haraka kwa ajili ya watu wako: ukipita kwenye milango ya watu, unaitwa karibu au karibuni?